Afya ya jiji iko chini ya ardhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu namna tunavyozungumzia kukua kwa majiji makubwa duniani. Kila mara habari hizi zinapoandikwa, picha inayotangulia ni ya maghorofa yanayometameta usiku au ya barabara za juu zilizopindana kama nyoka, na maneno yanayofuata ni ya sifa: jiji hili limefikisha watu milioni kadhaa, jiji lile limejenga jengo refu kuliko yote. Naamini kwamba picha hizo zinatupotosha. Afya ya jiji hujulikana kwa yale yasiyopigwa picha, yaani mabomba ya maji safi, njia za maji taka, mifereji ya mvua, na vipande vya ardhi vilivyoachwa wazi kwa ajili ya barabara kabla mtu wa kwanza hajachimba msingi. Mambo hayo yakifanywa mapema, jiji laweza kupokea watu mara kumi ya wale lilioanza nao na likabaki mahali pa kuishi. Yakicheleweshwa, hakuna ghorofa wala daraja litakaloziba pengo.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Mwaka 1950 wakazi wa mijini duniani walikuwa takriban milioni 750, yaani asilimia 30 ya wanadamu wote. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, kufikia mwaka 2018 walikuwa bilioni 4.2, sawa na asilimia 55, na ifikapo mwaka 2050 wanatarajiwa kuwa asilimia 68. Nyongeza hiyo ni ya watu wapatao bilioni 2.5, na karibu tisa katika kila kumi kati yao watakuwa Asia na Afrika. Mwaka 1950 majiji yenye watu zaidi ya milioni 10 yalikuwa mawili tu, New York na Tokyo. Mwaka 2018 yalikuwa 33.

Takwimu hizi hutajwa kwa sauti ya hofu, kana kwamba kila anayeshuka kwenye basi na begi lake kichwani ni mzigo ulioongezwa juu ya mgongo wa jiji. Sikubaliani na hofu hiyo. Watu huja mjini kutafuta kazi, shule ya watoto na hospitali iliyo karibu, na wengi wao hawakosei katika hesabu yao. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema jambo ambalo historia ya London, New York na Mumbai imelithibitisha, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya majiji hayo lililostawi kwa nguvu za wenyeji peke yao. Isitoshe, sehemu kubwa ya ongezeko la watu mijini inatokana na watoto wanaozaliwa humohumo mjini, ambao hakuna mlango wa kuwazuilia. Kosa si la anayekuja wala la anayezaliwa. Kosa ni la mamlaka iliyojua kwamba watakuja na isiandae chochote.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimekuwa mpima ardhi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Mara nyingi nimefika mahali na vifaa vyangu nikiwa nimechelewa miaka kumi, nikakuta kwamba barabara iliyochorwa kwenye ramani inapita katikati ya chumba anacholala mama na watoto wake. Mama yule hakufanya hila yoyote. Alinunua kiwanja kwa mtu aliyemwamini, akajenga kwa akiba ya miaka, na hakuna aliyewahi kupanda jiwe la mpaka pale kumwonyesha kwamba njia itapita. Siku hiyo mimi na ramani yangu ndio tuliokuwa wavamizi. Tangu hapo sijaweza kusikia maneno "makazi holela" bila kujiuliza ni nani hasa aliyefanya mambo kiholela.

London ndiyo shule ya kwanza ya jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa jiji la watu wapatao milioni moja. Mwishoni mwa karne hiyo lilikuwa na zaidi ya milioni sita. Katikati ya safari hiyo, vyoo vya wakazi viliingiza uchafu moja kwa moja katika mto Thames, na baadhi ya kampuni za maji zilichota humohumo maji ya kuwauzia wakazi wale wale. Kipindupindu kilipopiga mwaka 1848 na 1849, kiliua Walondon wapatao 14,000. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa wa Soho walikuwa wakinywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street, akawashawishi viongozi wa mtaa wang'oe mpini wake. Ushahidi ulikuwepo, wataalamu walikuwepo, na mipango ya kujenga njia za maji taka ilikuwa imekwisha kuandikwa na kujadiliwa kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni fedha, na mamlaka moja yenye nguvu ya kuamua.

Kilicholeta uamuzi ni pua za wabunge. Katika kiangazi cha mwaka 1858 joto lilikuwa kali, mto ukatoa uvundo usiovumilika, na jengo la Bunge liko ukingoni mwa mto huohuo. Mapazia yalilowekwa dawa ya kukata harufu, haikusaidia, na sheria iliyokuwa imeshindikana kwa miaka ikapita katika muda wa majuma machache. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga njia kuu za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita zipatazo 132, akaziunganisha na mtandao mrefu zaidi wa njia za mitaani, na akazifanya pana kuliko mahitaji ya siku zake. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi mara ya mwisho, nacho kilichagua mashariki mwa London, mahali ambapo kazi hiyo ilikuwa haijakamilika. Sijui kama kuna uthibitisho mzito kuliko huo. Njia za Bazalgette zinatumika hadi leo, na London ilipozidiwa tena na mvua zinazochanganyika na maji taka, ilibidi ichimbe njia mpya ya kilomita 25 chini ya Thames, ambayo iliunganishwa kikamilifu mwaka 2025. Katika miaka zaidi ya 150 kati ya kazi hizo mbili, jiji lilikuwa likiishi kwa upana ambao mtu mmoja aliuthubutu.

Chicago ilichelewa, na gharama yake ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1840 ulikuwa mji wa watu wasiofika 5,000. Miaka 50 baadaye walikuwa zaidi ya milioni moja. Mji ulikaa kwenye tambarare ya tope kandokando ya ziwa, chini mno kiasi kwamba njia za maji taka hazikuweza kupata mteremko. Kuanzia miaka ya 1850 walilazimika kulaza mabomba juu ya barabara zilizokuwepo, kuyafukia kwa udongo, kisha kuyainua majengo yenyewe kwa jeki, mtaa baada ya mtaa, mengine yakiwa na watu ndani wakiendelea na shughuli zao. Baada ya hayo yote, uchafu uliingia mtoni, mto ukaupeleka ziwani, na ziwa ndilo lililokuwa chanzo cha maji ya kunywa. Ikabidi wachimbe mfereji na, mwaka 1900, kuugeuza mto utiririke kinyume na ulivyoumbwa. Tunapoambiwa kwamba mabomba ni ghali na yasubiri, ni vizuri kukumbuka kwamba kuna jiji lililoinua nyumba zake na kuugeuza mto wake kwa sababu yalisubiri.

Leo mambo katika majiji mengi yanayokua kwa kasi yamepinduliwa mpangilio. Nyumba hutangulia, njia ya miguu hufuata, umeme huja kwa nguzo za kuegemea, maji huja kwa madumu na mikokoteni, na maji taka hubaki kuwa siri ya kila kaya na shimo lake. Bomba kuu likija hatimaye, linakuta hakuna pa kupita. Ndipo fidia, kesi na tingatinga vinapoanza, na gharama ya kulaza bomba lilelile inakuwa mara kadhaa ya ile ambayo ingetosha wakati eneo likiwa shamba. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja wanaishi katika makazi ya namna hiyo. Wanalipa kwa ndoo moja ya maji bei inayozidi kwa mbali ile anayolipa mwenye bomba nyumbani, na huko ndiko kuhara na kipindupindu hupiga kwanza.

Lakini madhara hayabaki kwenye makazi duni. Ningependa wasomaji wako watazame Jakarta, kwa kuwa huko bomba ambalo halikulazwa limeweza kuizamisha ardhi. Mtandao wa maji haukuwafikia wakazi wengi wa jiji hilo, na hata maji yaliyofika hayakuaminika. Kwa hiyo kaya, hoteli, viwanda na maduka makubwa vilichimba visima virefu na kuvuta maji ya chini ya ardhi kwa miongo mingi. Udongo laini ulipopoteza maji yake ulijikandamiza, na uzito wa majengo ukaongeza. Kuna sehemu za kaskazini mwa jiji zilizotitia kwa zaidi ya mita mbili ndani ya miaka kumi, na takriban asilimia 40 ya eneo la jiji sasa iko chini ya usawa wa bahari. Ukuta wa kuzuia bahari unajengwa na kuongezwa kimo, huku ardhi unaposimama ikiendelea kushuka. Mwaka 2022 bunge la Indonesia lilipitisha sheria ya kujenga makao makuu mapya, Nusantara, katika kisiwa cha Borneo. Serikali yaweza kuhama. Mamilioni ya wakazi wa Jakarta hawana pa kuhamia, na wanahitaji maji ya bomba leo kama walivyoyahitaji miaka 40 iliyopita.

Mexico City inasumbuliwa na ugonjwa huohuo kwa njia nyingine. Jiji hilo limesimama juu ya kitanda cha ziwa ambalo wakoloni wa Kihispania na waliofuata baada yao walilikausha. Linavuta maji chini ya miguu yake, na kuna sehemu zinazotitia kwa hadi sentimita 50 kwa mwaka. Ardhi inaposhuka bila usawa, mabomba hupasuka na njia za maji taka hupoteza mteremko, hivyo maji yanayovutwa kwa gharama huvujia njiani na maji taka hulazimika kusukumwa kwa mashine. Kwa kuwa kisima hakitoshi, sehemu ya maji hupandishwa kutoka mbali kupitia mfumo wa Cutzamala, kimo cha zaidi ya mita 1,000. Na mvua kubwa zikija, jiji hilohilo lenye kiu hufurika.

Nani asiyeona kwamba maji ya kunywa, maji taka, mafuriko na kutitia kwa ardhi ni jambo moja, ijapokuwa tumeligawa katika wizara na idara nne zisizosalimiana?

Yupo aliyefanikiwa kuusimamisha ugonjwa huu, naye ni Tokyo. Upande wa mashariki wa jiji hilo, katika eneo la Koto, ardhi ilititia kwa zaidi ya mita nne katika karne ya 20 kwa sababu viwanda vilivuta maji ya chini. Chanzo kilijidhihirisha chenyewe vita vya pili vya dunia vilipokaribia kwisha: viwanda vilisimama, pampu zikanyamaza, na ardhi ikaacha kushuka, viwanda vilipofufuka, ikaanza tena. Sheria za mwaka 1956 na 1962 zilibana uvutaji wa maji hayo, viwanda vikapewa maji ya mtandao badala yake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kutitia kulikuwa karibu kumekoma. Ardhi iliyokwisha kushuka haikurudi juu, na watu wa eneo hilo wanaishi nyuma ya kuta hadi sasa. Hata hivyo jiji kubwa kuliko Jakarta ya wakati huo liliweza kujizuia, si kwa kuhama, bali kwa kuwapa watu maji mengine kwanza na kisha kuwakataza visima. Mpangilio huo wa kwanza na kisha ndio wenye maana. Anayekataza visima bila kuleta bomba anawaadhibu wenye kiu.

Wengine watasema kwamba Tokyo ni tajiri. Basi na tutazame Phnom Penh. Mwaka 1993, baada ya vita na mateso ambayo Kambodia ilipitia, mamlaka ya maji ya mji huo ilikuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji iliyoyazalisha, kwa uvujaji, wizi na kutolipwa. Maji yalifika kwa asilimia 20 tu ya mji, kwa saa kumi hivi kwa siku. Mkurugenzi Ek Sonn Chan aliweka mita kwa kila mteja, akabadilisha mabomba yaliyochakaa, akawachukulia hatua wafanyakazi waliouza maji kwa mlango wa nyuma, na akawadai wakubwa waliozoea kutolipa sawasawa na alivyowadai wadogo. Maskini waliwekewa ruzuku ya kuunganishiwa. Katika muda wa miaka 15 hivi upotevu ulishuka hadi kwenye asilimia 6, maji yakawa yanatoka mchana na usiku, na mamlaka ikawa inajiendesha. Nchi ile haikuwa na mafuta wala dhahabu ya kuisaidia. Ilikuwa na msaada wa wafadhili, ni kweli, lakini wafadhili wamesaidia miji mingi na matokeo hayo hayakuonekana.

Kuhusu mafuriko sitasema mengi, kwa sababu kila msomaji ameyaona. Tarehe 26 Julai 2005 sehemu ya Mumbai ilipokea milimita 944 za mvua katika muda wa saa 24, huku mifereji yake ya tangu enzi za Waingereza ikiwa imekusudiwa kuhimili milimita 25 kwa saa. Mvua ile ingeushinda mji wowote. Lakini mto Mithi, ambao ndio ungebeba sehemu ya maji hayo, ulikuwa umebanwa kwa vifusi na majengo, na mikoko yake imefukiwa. Mto ukinyang'anywa bonde lake hudai nafasi yake siku ambayo hakuna mwenye uwezo wa kubishana nao.

Hapa narudi kwenye kazi yangu, ardhi. Watu wengi hudhani kwamba kupanga mji ni kuchora kila nyumba, na kwa kuwa hakuna serikali inayoweza kujenga nyumba za mamilioni, wanakata tamaa. Mimi nimejifunza kwamba kinachotosha ni kidogo zaidi, ila lazima kitangulie. Mwaka 1811 tume ya New York ilichora barabara za kisiwa cha Manhattan hadi mtaa wa 155, wakati watu wa mji huo hawakufika 100,000 na karibu wote walikuwa wamejibana upande wa kusini. Sehemu kubwa ya ramani ile ilipita juu ya mashamba na miamba, na wengi waliwaona watu wale kama waota ndoto. Mwaka 1900 Manhattan ilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Hakuna aliyejua mwaka 1811 kwamba siku moja treni zingepita chini ya barabara hizo, lakini nafasi ilipokuwepo, mabomba, nyaya na reli vilipata pa kulala. Ramani ile ilikuwa na kasoro yake: ilisahau karibu kabisa mahali pa kupumzikia. Kosa hilo lilirekebishwa kwa kuanzisha Central Park kwa sheria ya mwaka 1853, na walioondolewa kuipisha ni pamoja na jamii ya Wamarekani weusi ya Seneca Village. Hata marekebisho ya kuchelewa hulipwa na walio wanyonge.

Barcelona nayo ilipovunja kuta zake katikati ya karne ya 19, mhandisi Ildefons Cerdà aliuchorea mji upanuzi wenye barabara za upana wa mita 20, katika mpango ulioidhinishwa mwaka 1859. Bustani alizozikusudia katikati ya majengo karibu zote zilijazwa nyumba na wenye tamaa, lakini barabara zilibaki, na ndizo zinazowezesha mji huo leo kurudisha miti na watembea kwa miguu mahali palipokuwa pa magari.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Benki ya Dunia ilifadhili miradi ya viwanja katika miji ya nchi nyingi, ikiwemo Chennai na Mumbai: eneo lilipimwa, likawekwa barabara, maji na njia za maji taka, kisha familia za kipato kidogo zikapewa viwanja vidogo zijijengee kwa kadiri ya uwezo wao. Miradi hiyo ilidharauliwa kwa sababu miaka mitano baadaye viwanja vingi vilikuwa bado vitupu, na kwa hiyo ikaachwa. Wataalamu waliorudi huko baada ya miongo kadhaa walikuta mitaa iliyojaa, yenye nyumba zilizoongezwa ghorofa moja baada ya nyingine, maduka, na watu wa vipato mbalimbali wakiishi pamoja. Mji huiva polepole. Kumhukumu mpandaji wa mti kwa miaka mitano ni kumwonea, na nasikitika kwamba hukumu hiyo ya haraka ilizinyima nchi nyingi njia iliyokuwa nafuu kuliko zote.

Foleni za magari nazigusa kwa kifupi tu, kwa kuwa ndizo shida pekee ya mji ambayo wakubwa huionja wenyewe na kwa hiyo haikosi wa kuisemea. Kuongeza njia za magari hakujaponya jiji lolote kubwa, kwa sababu barabara mpya huvuta magari mapya. Stockholm ilijaribu tozo ya kuingia katikati ya mji kwa miezi kadhaa mwaka 2006, idadi ya magari yanayoingia ikapungua kwa takriban moja ya tano, wakazi wakapiga kura kuiridhia, na ikawa ya kudumu mwaka 2007. Bogotá na Curitiba zimebeba watu wengi kwa mabasi yaliyotengewa njia yao. Lakini hata basi hilo huhitaji barabara pana iliyohifadhiwa, na hapo tunarudi palepale.

Swali la fedha ni la haki. Njia ya maji taka haina utepe wa kukata, na anayeilipia mara nyingi huwa ameondoka madarakani kabla ya mtu kuona faida yake. Hata hivyo fedha zipo ndani ya ardhi yenyewe. Jiji linapopeleka barabara na maji mahali, thamani ya viwanja vya pale hupanda bila mwenye viwanja kufanya lolote, na katika majiji mengi faida hiyo yote huishia mfukoni mwa aliyewahi kununua kwa kuwa alisikia habari mapema. Hong Kong imegharamia sehemu kubwa ya reli zake kwa kuipa kampuni ya reli haki ya kuendeleza ardhi iliyo juu na pembeni ya vituo. Si lazima kila jiji lifuate mfano huo, lakini jiji lisilotoza chochote kwenye ongezeko hilo linawapa matajiri zawadi kila mwaka, kisha linakwenda kukopa ili kulaza mabomba.

Nimalizie na mahali ninapopaheshimu kuliko pote nilipopataja. Orangi, katika jiji la Karachi, ni makazi yaliyojengwa bila kupangwa, yenye watu wanaohesabika kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianzisha huko mradi ambao haukuwapa wakazi fedha. Uliwapa vipimo, michoro rahisi na mafunzo. Kila kichochoro kilichagua msimamizi wake, kaya zikachanga, na wakazi wakachimba na kulaza wenyewe njia ya maji taka ya kichochoro chao. Kwa kumwondoa mkandarasi na kurahisisha michoro, gharama ilishuka hadi sehemu ndogo ya ile ya serikali. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: yaliyo ndani, yaani choo, bomba la kichochoro na bomba la mtaa, ni ya wakazi, yaliyo nje, yaani bomba kuu na mitambo ya kusafisha, ni ya serikali. Kwa njia hiyo kaya zaidi ya 100,000 zilipata maji taka yanayoondoka mlangoni.

Msanifu majengo Perween Rahman aliuongoza mradi huo kwa miaka mingi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchora ramani. Aliwafundisha vijana wa mitaani kupima vichochoro vyao na kuonyesha kila mfereji ulipo, ili ofisi za serikali zisiweze tena kusema kwamba pale hapana kitu. Ramani zake zilionyesha pia mahali maji ya jiji yalipokuwa yakiibwa na ardhi ilipokuwa ikinyakuliwa. Aliuawa kwa risasi mwezi Machi 2013 akirejea nyumbani kutoka kazini. Mimi niliyeshika vipimo kwa miaka mingi bila kutishwa na mtu hulifikiria jina lake kila ninaposikia kwamba ramani ni makaratasi tu.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni hili. Mwandishi wako anapotumwa kuripoti uzinduzi wa mpango mkuu wa jiji lolote, aombe kuonyeshwa karatasi yenye njia za maji taka na mifereji ya mvua, aulize imekusudiwa watu wangapi na mwaka gani, na zaidi ya yote aulize kama hifadhi za barabara zimekwisha kupandwa mawe huko mashambani ambako jiji halijafika. Karatasi hiyo inapaswa kuwa wazi kwa kila anayekusudia kununua kiwanja. Mwandishi akiiomba na kunyimwa, hiyo nayo ni habari, na ningependa kuisoma katika ukurasa wako wa mbele.

Wako katika ujenzi wa miji,

Mpima ardhi mstaafu